Wazazi wa mtaani kwetu, fungueni daftari

Wanangu,

Kila asubuhi mnapita hapa barazani kwangu Ngamiani, watoto mbele na mabegi mgongoni, mnaniamkia, naitikia. Leo nina neno, na nimeona niliandike, maana nikilisema kwa mdomo nitalia.

Jumatano iliyopita, magharibi haijaadhiniwa, nilikuwa nje nachambua mchicha. Akapita mtoto wa darasa la tatu, wa nyumba ya pili kutoka kwangu, anatoka tuisheni. Mama yake anamsubiri mlangoni. Mtoto akatoa karatasi ya jaribio. Mama hakuuliza kingine: "Wa ngapi?" Mtoto akasema wa kumi na tisa. Karatasi ikachanwa vipande vinne pale pale, mbele ya muuza mihogo na vijana wa bodaboda, na maneno juu yake: "Nalipa hela yangu kila wiki, wewe unanirudishia nini?" Mtoto hakulia. Aliviangalia viatu vyake, kisha akaingia ndani kuchukua juzuu aende chuoni, maana siku yake ilikuwa haijaisha. Ametoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi, na angerudi saa mbili usiku.

Nikaviokota vile vipande, nikavipanga mezani chini ya taa. Nimefundisha shule ya msingi miaka 38, mkono wenyewe unakwenda kwenye karatasi ya mtoto. Swali la saba lilikuwa 403 toa 158. Mtoto kaandika 245. Juu ya tarakimu kuna vialama vya penseli, pale alipokwenda kukopa kwenye makumi akakuta sifuri, akapanda kwenye mamia, akashuka tena. Kafuta mara mbili, karatasi imekaribia kutoboka.

Mama yake hakujua kwamba mwezi wa pili mtoto huyu huyu alikaa hapa barazani na hesabu hiyo hiyo akaandika 355. Alikuwa anatoa ndogo kwenye kubwa bila kujali ipi iko juu: nne toa moja, tano toa sifuri, nane toa tatu. Wengi hukwama hapo, na nimewaona waliofika darasa la sita wakiwa bado wamekwama. Yeye amekwamuka. Wiki aliyokwamuka ndiyo aliyochaniwa karatasi.

Mnanielewa kinachoniuma? Mnauliza namba ya mtoto, hamuulizi leo anajua nini ambacho jana hakukijua. Namba ile inahusu wenzake kuliko inavyomhusu yeye. Wenzake wakiugua malaria wiki ya mtihani, atapanda. Wakija watatu wageni wenye bidii, atashuka, na huku kichwani mwake hakuna kilichoongezeka wala kupungua. Baraza la Mitihani lenyewe, lilipotoa matokeo ya kidato cha nne Januari 2023, liliacha kutangaza shule bora na watahiniwa bora kitaifa. Wao wameacha, nyinyi mnaendelea kutangaza vibarazani, tena kwa kumtaja mtoto wa jirani na jirani anasikia. Mtoto anayelinganishwa kila jioni hajifunzi hesabu. Anajifunza kuficha karatasi. Nimezitoa mwenyewe kwenye matundu ya choo cha shule, karatasi zimekunjwa ndogo kama hirizi, za watoto wanaoogopa kurudi kwao.

Fungueni daftari, wanangu. Kaa naye mkekani dakika kumi, simu iache chumbani. Usianze na kosa. Mwonyeshe aliyoipata umwambie, "Hii uliipataje?" Kisha nyamaza. Kunyamaza ndiko kunakowashinda wazazi wengi, mnadakia jibu kabla mtoto hajameza mate. Mwache aeleze. Akieleza anajifunza mara ya pili, na akifika penye kosa mara nyingi atalishika mwenyewe. Halafu msifu kwa ulichokiona: "Hapa ulikuta sifuri na hukuacha." Mkimwambia tu kwamba ana akili nyingi, ataanza kukimbia maswali magumu asije akaonekana hana. Hilo nimeliona darasani mwaka baada ya mwaka.

Najua mtakalonijibu, maana nimejibiwa hivyo kwenye mikutano yote ya wazazi: "Mwalimu, mimi sikusoma, nitamsaidiaje?"

Mama yangu alikuwa hajui hata a. Kisomo alikuja kukipata baadaye, baada ya Mwalimu Nyerere kuutangaza 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Kabla ya hapo, mimi niko darasa la tatu, kaka yangu alikuwa akikata mkonge huko Korogwe na kila mara alituma barua. Mama ananikalisha kwenye kigoda: "Soma." Nikimaliza: "Soma tena." Jioni anakuja shangazi, "Msomee shangazi yako." Ikifika mara ya tatu barua nzima iko kichwani mwake, na nikiruka neno ananikamata: "Hapo hukusema ulivyosema mwanzo." Niliamini kabisa kwamba anajua kusoma ila ananitega. Nilishatimiza miaka ishirini ndipo nilipoelewa kwamba alikuwa anasikiliza tu, kwa masikio yake yote mawili. Aliyenifundisha kusoma bila kuruka maneno ni mtu asiyejua herufi.

Basi usiniambie hukusoma. Una masikio. Mwambie akusomee risiti ya umeme, maandishi ya pakiti ya dawa, ujumbe wa shangazi yake. Mwambie akueleze mwalimu alisema nini leo kuhusu mvua. Usipoelewa mwambie hujaelewa, arudie. Mtoto hupenda sana kumfundisha mzazi wake.

Mengine nitayapitia haraka, mnayajua ila hamyafanyi. Mtoto alale mapema. Asiende shule na njaa, hata kama ni kipande cha muhogo na chai. Awe na pahali pake pa kuandikia, hata kama ni ndoo iliyofunikwa ubao. Mtumeni gengeni na noti ya elfu tano, na kabla hajatoka mwulize akinunua machungwa ya elfu mbili na nyanya fungu mbili atarudi na chenji kiasi gani. Umeme ukikatika tegeni vitendawili. Kazi ya nyumbani aifanye mwenyewe. Nyinyi mnaotumiana majibu kwenye kundi la WhatsApp la wazazi mnamwibia. Na Maktaba ya Mkoa iko hapa hapa mjini, watoto wangapi wa mtaa huu wameingia?

Swali moja limenikaa moyoni. Mapango ya Amboni tunayo hapa kaskazini mwa mji, safari ya daladala. Siku moja niliwauliza watoto kumi barazani nani amefika. Wawili. Wageni wanatoka Ulaya kuja kuyaona, mtoto wa Ngamiani hajui kwamba yale mawe yanayoning'inia darini yamejengwa na maji yenye chokaa, tone baada ya tone, kwa maelfu ya miaka. Mpelekeni mara moja. Akirudi atakuuliza maswali ishirini, na mtoto anayeuliza hahitaji kusukumwa kwenda shule.

Tuisheni siichukii. Mtoto aliyeachwa nyuma anahitaji mtu wa kumshika mkono, na shule zetu zimejaa. Tangu elimu bila malipo ilipoanza 2016 watoto walikuja wengi, na lilikuwa jambo jema, lakini vyumba havikuongezeka kwa kasi hiyo. Mwaka wangu wa mwisho kazini nilikuwa na watoto 112 kwenye chumba kimoja. Ninachokikataa ni kumpeleka mtoto wa miaka tisa akae masaa mengine matatu anakariri kilekile, ili mzazi ajione ametimiza wajibu. Na nyinyi walimu wenzangu mnaobakiza somo asubuhi ili mliuze jioni, mnajijua. Mtoto wa maskini anabaki na nusu ya somo. Mtakuja kuulizwa.

Kina baba, msidhani mmepona. Kutoa hela ya daftari mnatoa, nashukuru. Lakini mwanao akisimama mlangoni na karatasi, unamwambia kampelekee mama yako. Mpira wa jioni unautazama dakika tisini. Naomba kumi.

Sasa narudi kwako, mama wa yule mtoto. Jina sikutaji. Utaniona mkali, na huenda umenikasirikia tangu mstari wa pili. Najua unaamka saa kumi alfajiri kukaanga vitumbua, na ile hela ya tuisheni unaijua jasho lake. Hukuchana karatasi kwa chuki. Uliogopa mtoto asije akaishia pale ulipoishia wewe. Lakini wewe nilikufundisha darasa la kwanza, mwanangu. Herufi b uliigeuza ikawa d, kila siku, mpaka mwezi wa nane. Marehemu mama yako alikuwa akija shuleni na ukanga wake begani, anaomba aone daftari lako, anapitisha kidole kwenye kila mstari kama vile anasoma. Siku ulipoipatia alikuwa wa kwanza kuiona. Akakuletea kashata.

Karatasi ya mwanao nimeiunga kwa selotepu. Swali la saba limepasuka katikati lakini linasomeka. Jumamosi baada ya alasiri, ukishamaliza biashara, njoo naye tukae hapa barazani, yeye atueleze alivyokopa pale penye sifuri. Mimi nitanyamaza, na wewe utanyamaza.

Bibi yenu,
mwalimu mstaafu,
Ngamiani, Tanga