Utaratibu wa kuahirisha masomo ya chuo uwekwe wazi

Mhariri,

Binti yangu alimaliza mtihani wa kidato cha nne (KCSE) Novemba 2019, akapangiwa nafasi katika chuo kikuu kimoja cha umma, na anatarajiwa kuripoti Septemba hii ya 2020. Sasa tunaambiwa kwamba, kwa sababu ya korona, masomo yake yataanzia mtandaoni, naye ameniomba aahirishe kwa mwaka mmoja. Nimemkubalia, ingawa jamaa wameanza kunong'ona kwamba msichana akishakaa nyumbani harudi tena darasani.

Sikumkubalia kwa kumdekeza. Kijana wa jirani yetu, aliye mwaka wa pili, husikiliza mihadhara akiwa amesimama chini ya mwembe ulio nyuma ya zizi, kwa kuwa hapo ndipo simu inaposhika mtandao, na juzi bando lilimwishia mhadhiri akiwa bado anaeleza swali la kwanza. Binti yangu anakwenda kusomea kemia, nami sioni maabara itakavyoingia ndani ya simu. Karo tunayodaiwa ni ile ile.

Kungoja si jambo geni nchini. Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982, Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungwa kwa muda mrefu, na waliokuwa wakitarajia kuingia wakakaa nyumbani; sisi tuliofuata miaka michache baadaye tulipitishwa kwanza Gilgil, kwenye mafunzo ya Huduma ya Vijana kwa Taifa, tukapigishwa kwata ambayo magoti yangu hayajaisahau. Lakini sisi tulijua kwamba nafasi zetu zipo.

Nilipopiga simu chuoni kuuliza utaratibu, ofisi ya kwanza ilinielekeza kwa ya pili, ya pili ikanirudisha kwa ya kwanza, hatimaye nikaambiwa binti aende mwenyewe akajaze fomu, wakati huu wa korona ambapo matatu hubeba abiria wachache na nauli imepanda. Hakuna aliyekubali kuniandikia kwamba nafasi yake itabaki, wala kwamba mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, utamsubiri. Kufikia Septemba mwakani atakuwa amekaa miezi 22 tangu mtihani wake wa mwisho, na muda kama huo mzazi hauweki rehani kwa neno la kwenye simu.

Naomba vyuo viweke fomu hiyo kwenye tovuti zao na kumjibu kila mwombaji kwa maandishi kabla ya siku ya kuripoti, kwani siku hiyo ikimpita bila jibu, nahofia atahesabiwa kuwa ameikataa nafasi.

Mzazi na mwalimu mstaafu,
Kilifi