Barua ya wazi kwa wafugaji wa kuku wa kienyeji wa Dar es Salaam: mwacheni mtetea alee

Wanangu mnaofuga nyuma ya nyumba zenu Chanika, Kivule, Goba, Mbagala na Kigamboni,

Marahaba nyote. Nawaandikia kwa pamoja kwa sababu swali lenu ni moja: mtetea ametotoa vifaranga 12, mwezi haujaisha anatembea na watatu. Wengi mnamlaumu kuku. Jamani, kuku hana kosa. Joto anawapa, punje anawaonyesha, hatari ikija anawaita chini ya mbawa. Asichoweza ni kuziba tundu la panya, kumzuia kunguru na kuukinga mdondo, ule ugonjwa wa kuku unaoitwa pia kideri. Hayo ni yenu.

Anzeni kabla hajatotoa. Kuku anayelalia mayai haogi vumbi kama kawaida, kwa hiyo chawa, utitiri na viroboto wanajaa mwilini mwake. Yeye anavumilia; kifaranga wa siku moja hana damu ya kugawa. Mpakeni dawa ya unga ya wadudu wa kuku chini ya mbawa na kuzunguka mkundu siku anapoanza kulalia, rudieni siku ya 17 au 18, kisha mwacheni atulie. Viroboto wale wanaoganda usoni kwa kuku kama punje nyeusi wapakeni mafuta mazito ya mgando; hukosa hewa na kufa. Kiota kiwe chini. Kifaranga akidondoka kutoka kiota cha juu hawezi kupanda, na mama hana namna ya kumbeba.

Siku ya 21 ikifika, zuieni mikono. Kutoka kutoboa ganda hadi kutoka nje huchukua saa nyingi, hata siku nzima. Ukimbandulia ganda unakata mishipa ya damu ambayo haijakauka, na kiini hakijamaliza kuingia tumboni. Kiini hicho ndicho kinamlisha siku 2 za mwanzo, ndiyo maana hakuna haraka ya kumtoa chini ya mama ili ale. Zikipita siku 2 tangu wa kwanza kutoka, ondoeni mayai yaliyobaki, asije mama akaendelea kuyalalia huku waliotoka wana kiu.

Sehemu ya mita 1 kwa mita 1 inamtosha mama na watoto 10 hadi 12 kwa wiki mbili za kwanza. Sakafuni mwageni maranda makavu, kimo cha sentimita 5. Msitandike magazeti: yanateleza, na miguu ya kifaranga hutanuka kando akashindwa kusimama. Wavu uwe wa nusu inchi. Ule wa inchi moja panya anapita, na panya hachukui mmoja. Na msiwawekee jiko la mkaa ndani ya banda lililozibwa eti kuna baridi. Mama ndiye joto lao, na hewa ya mkaa itawaua wote pamoja naye.

Maji wekeni kwenye kisosi, mjaze kokoto safi mpaka maji yaonekane katikati yake tu. Kifaranga anywe kwa mdomo, asiingie kwa miguu. Akilowa anapoa, na akipoa usiku haamki. Mama akipekua atawajazia maranda humo, kwa hiyo badilisheni maji asubuhi, mchana na jioni. Kuanzia wiki ya pili inueni chombo juu ya kipande cha tofali.

Kwenye chakula ndiko wengi mnapokosea. Pumba tupu humjaza kifaranga tumbo bila kumkuza. Anahitaji chakula chenye protini ya asilimia 18 hadi 20, yaani chakula cha vifaranga cha dukani. Vifaranga 10 wa kienyeji wiki ya kwanza hula kama gramu 100 kwa siku, kwa hiyo kilo moja inafika mbali. Mama naye ale hicho hicho. Msiwachanganyie chakula cha kuku wanaotaga: kina chokaa nyingi, na chokaa hiyo inaharibu figo za watoto. Mkiongeza dagaa, wawe wasio na chumvi. Chumvi inaua vifaranga upesi.

Shida ni kwamba mama, aliyekonda kwa kulalia, atawamalizia. Chukueni tenga la fito, lile la kubebea kuku sokoni, mlifunike chini na chakula cha watoto kiwe ndani. Nafasi kati ya fito ziwe sentimita 4 au 5. Watoto wanaingia na kutoka, mama anabaki nje na sahani yake. Siku ya kwanza mtamwona anazunguka tenga akilia. Akiwaona wanarudi kwake, anazoea.

Sasa kunguru. Hawa wenye shingo ya kijivu, ambao asili yao ni India na waliingizwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19, wamejaa jiji zima. Kifaranga kwenye uwanja wazi ni chakula chao, na mama mmoja hawezi kuwafukuza watatu. Msimwachie mtetea azurure na watoto kabla hawajafikisha wiki 4. Nyavu chakavu za uvuvi zinafaa sana kufunika uwanja kwa juu, mradi zikazwe vizuri. Zikining'inia kuku hunasa. Watoke saa 3 asubuhi umande ukikauka, warudi ndani saa 11 jioni. Msimu wa masika, wingu likitanda tu warudisheni.

Maranda yakilowa badilisheni siku hiyo hiyo, maana kuhara damu huanzia hapo, hasa wiki ya 3 hadi ya 6. Ukiona kifaranga amejikunyata, mbawa zimelegea na kinyesi kina damu, nenda duka la dawa za mifugo mapema, usingoje afe wa pili. Aliyeziba mkundu kwa kinyesi kikavu aloweshwe kwa maji ya vuguvugu hadi kilainike, afutwe, akaushwe, arudi kwa mama. Ukibandua kikavu unachuna ngozi.

Mdondo hauna tiba, una chanjo. Chanjo ya I-2 inatengenezwa Kibaha na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania. Ni tone moja kwenye jicho, na umshike kuku mpaka apepese. Mama apewe kabla hajaanza kutaga, ili kinga ipitie kwenye yai. Vifaranga wapewe wakiwa wadogo, warudie baada ya wiki 3 au 4, kisha kila miezi 3. Inavumilia joto kuliko nyingine, lakini siyo jua. Chupa moja inatosha kuku 100 au zaidi, na ikishafunguliwa siyo ya kuweka hadi mwezi ujao. Kwa hiyo pangeni siku moja mtaa mzima, mchange, mmwite afisa mifugo wa kata. Jirani asiyechanja anawarudisha nyuma nyote. Na kuku wa sokoni mkimchinja, manyoya na utumbo chimbieni. Msitupe jalalani kuku wenu wapekue.

Wakifika wiki 4 na manyoya yamewaota, mnaweza kuwaachisha ili mama arudi kutaga. Kipindi cha baridi, Juni hadi Agosti, ngojeni wiki 6. Mwondoeni mama usiku, watoto wabaki pale pale walipozoea, na yeye apelekwe mahali wasipomsikia. Wakiitana watakesha wanalia na kulaliana pembeni mwa wavu, na wa chini hukosa hewa.

Mzee wenu,
Dar es Salaam