Msajili wa ndoa aje kwetu

Mhariri,

Sheria ya Ndoa ya 2014 inataka kila ndoa nchini Kenya isajiliwe, hata ya kimila, ambayo zamani ilihesabika imekamilika wazee wakishapokea mahari. Sina ugomvi na hilo. Ila kaunti yetu, kama nyingine kadhaa kati ya zile 47, haina msajili.

Utaambiwa kila kitu kiko eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Kweli, maombi unajaza huko na ada unalipa kwa simu, lakini mwisho wa yote lazima mfike kwa msajili wenyewe na vitambulisho halisi, na cheti cha talaka kwa aliyewahi kuachana. Kisha, kwa ndoa ya kiserikali, ilani ikae siku 21 kabla ya ndoa kufungwa. Hapo mnarudi tena, safari hii na mashahidi wawili. Nauli ya watu wanne, kwenda na kurudi, kwa kibarua wa majani chai!

Wengi husema "tutaenda baadaye". Hiyo baadaye huja mume akishafariki, mjane anadaiwa cheti kwenye kesi ya mirathi na mashemeji wanamtazama tu.

Huduma Centre, kituo cha huduma za serikali, tunayo. Msajili apewe dirisha pale, hata siku moja kwa mwezi. Mahakama zetu husafiri hadi vijiji vya kaskazini kusikiliza kesi. Daftari na muhuri ni mzigo mwepesi kuliko huo. Tarehe itangazwe mapema kwenye redio na kwa machifu, watu watakuja.

Msomaji wako,
Bonde la Ufa