Mama, DO si CO

Asalaam aleykum mama angu. Shikamoo, na baba shikamoo, na shangazi kama yupo hapo barazani mwambie nimemwamkia. Huku tuko salama ila baridi imeshaanza, hapa Columbus, Marekani, asubuhi ukitoka nje mdomo unatoa moshi kama sufuria ya wali.

Nimeamua kuandika badala ya kutuma voisi, kwa sababu voisi zangu mnasikiliza nusu alafu mjomba anawamalizia mwenyewe. Nimeona alichoandika kwenye grupu la familia juzi usiku. Eti nimeingizwa mjini, eti nasomea ukandaji, eti DO, huu udaktari wa osteopathi ninaosomea, ni CO tu, yaani clinical officer, imebadilishwa herufi na hela zote mlizochanga za tiketi zimeenda na maji. Na baba, ambaye kwenye lile grupu hajawahi kuandika kitu zaidi ya Ijumaa mubarak, akaibuka kuuliza kwani DO si ndo District Officer, yule Bwana Shauri wa enzi za mkoloni? Hapo nilicheka peke yangu kwenye basi mpaka mama mmoja wa Kisomali akageuka kuniangalia.

Mjomba simlaumu. Yeye ni CO miaka yote hii na kaitibu nusu ya mtaa wetu, na kwetu ngazi zinajulikana, CO ana diploma, MD, yaani daktari wa digrii, kakaa chuo miaka mitano na mwaka mmoja wa intanshipu, kwa hiyo akikutana na herufi asizozijua lazima azipange chini. Ila Marekani haiko hivyo mama. Hapa ukitaka kuwa daktari wa kuandika dawa, wa kupasua, wa kusaini cheti cha kifo, milango iko miwili, MD na DO. Wote tunaanza na digrii ya kwanza miaka 4, wote tunafanya ule mtihani wa MCAT wa kuingilia skuli ya udaktari ulionitoa mvi, wote tunakaa skuli ya udaktari miaka 4, miwili ya darasani na maiti na miwili ya wodini, alafu ndo unaingia residensi, mafunzo ya ubingwa hospitalini, miaka 3 mpaka 7 inategemea unataka kuwa daktari wa nini. Na residensi zenyewe zamani walikuwa wamegawana, DO na zao MD na zao, lakini tangu 2020 zote ziko chini ya chombo kimoja, wanagombania nafasi zilezile. Ukiwa wodini huwezi kujua nani ni nani mpaka uinamie beji usome.

Mjomba akibisha mwambie hivi, daktari wa Biden pale White House alikuwa DO, anaitwa Kevin O'Connor. Na kabla yake wa Trump, Sean Conley, yule aliyekuwa anasimama nje ya hospitali ya Walter Reed Oktoba 2020 kutangaza hali ya rais na korona yake, naye DO. Japo niseme ukweli, hata siku zile kuna Wamarekani walimcheka, eti rais anatibiwa na mtu asiye daktari kamili. Kwa hiyo mjomba hayuko peke yake, ana wenzake huku huku.

Na shemeji wa Leicester naye kachangia kwenye grupu kwamba Uingereza osteopathi siyo daktari. Yuko sawa kabisa! Kule ni fani yake peke yake, wana sheria yao ya 1993 na baraza lao la kuwasajili, wanatibu kwa mikono, hawaandiki antibayotiki wala hawashiki kisu cha upasuaji. Jina moja, mti mmoja, ila matawi yakaenda njia mbili, la Marekani likawa udaktari mzima na la Ulaya likabaki kwenye mikono. Sasa shemeji anaongelea tawi la kwake mimi naongelea la kwangu na grupu zima likaanza kunipa pole.

Mzizi wenyewe ni mzee mmoja wa Missouri anaitwa Andrew Taylor Still. Baba yake alikuwa mhubiri na tabibu, naye kajifunza tiba kwa kumfuata fuata baba, ndo ilivyokuwa zama zile. Mwaka 1864 watoto wake watatu wakafa kwa homa ya uti wa mgongo, madaktari walikuja wakafanya yao, wapi. Na dawa za wakati ule mama ungezikimbia, zebaki, afyuni, pombe, kutolewa damu. Mzee akachukia. Mwaka 1874 akatangaza kwamba ana njia yake, mwili wenyewe una uwezo wa kujitibu, kazi ya daktari ni kuinyoosha mifupa na misuli damu ipite vizuri. Watu wakamwona chizi. Akawa anazunguka vijijini anajitangaza fundi wa kuunga mifupa kwa kasi ya radi, nakuapia, hayo ndo maneno yake ya biashara, hana tofauti na mabango ya waganga wa stendi ya Muheza. Ila watu wakapona, au wakaona wamepona, wakaanza kuja na treni mpaka mji wake wa Kirksville, na 1892 akafungua skuli pale. Wanawake waliingia tangu darasa la kwanza. Na kibali cha serikali kilimruhusu kutoa MD kama wengine, akakataa mwenyewe, akasema wangu wataitwa DO. Yaani huu usumbufu wote wa herufi mbili mpaka kwenye grupu letu ni ukaidi wa mzee mmoja.

Mengi alikosea. Alidhani karibu kila ugonjwa unatokana na mifupa kukaa vibaya, na dawa karibu zote alizitupilia mbali. Skuli zake zenyewe baadaye zikarudisha dawa, zikaongeza upasuaji, zikaongeza kila kitu, mpaka ikafika mahali ukiwaweka DO na MD pamoja kilichobaki tofauti ni yale masaa ya mikono. Kama 200 hivi kwa miaka yote, juu ya mengine yote ambayo MD anasoma.

Sasa hayo masaa ndo nikuhadithie vizuri maana najua ndo unayoyataka. Tunaingia ukumbi umejaa vitanda, tunapangwa wawili wawili, mmoja analala mwenzie anagusa, alafu mnabadilishana. Siku ya kwanza nilikuwa natetemeka, wenzangu wote wamevaa kaptula na vifulana na mimi nimesimama na ushungi wangu kama nimekosea mlango. Nikamfuata mwalimu nikamwambia naomba nipangwe na wanawake tu. Hakuuliza swali hata moja, akavuta pazia la pembeni, na mpaka leo mwenzangu ni binti mmoja wa Kihindi ambaye mgongo wake naujua kuliko wangu. Zoezi la mwanzo wakatupa unywele mmoja, uuweke chini ya karatasi, ufumbe macho, uutafute kwa vidole. Ukiupata unaongeza karatasi ya pili, ya tatu. Wenzangu wengi walikwama mapema, mimi nikaendelea kwenda mpaka mwalimu akaja kusimama nyuma yangu, akauliza umejifunzia wapi, nikamwambia kuchambua mchele. Hakuelewa. Ila kilichonijia kichwani siyo mchele mama, ni bibi. Alivyokuwa anawapapasa vifundo watoto wa jirani walioanguka mwembeni, mafuta ya nazi mkononi, anaangalia pembeni kabisa anaongea habari za mazishi ya jana, kumbe vidole viko kazini. Alafu ghafla mtoto analia mara moja basi imekwisha. Kuna mbinu tunafundishwa huku yenye jina refu la kisomi, unamwambia mgonjwa asukume mkono wako taratibu, unamzuia, anaachia, unasogeza kidogo, tena na tena, na mimi nakaa pale nasema lakini hii mbona bibi alikuwa anaifanya na hajui hata kusoma.

Lakini si kila kinachofundishwa naamini. Kuna somo la kushika fuvu la kichwa, kuna mwanafunzi mmoja wa Still aliona mifupa ya fuvu ina maungio akaona basi lazima inacheza cheza, na ukitulia unaweza kuusikia mdundo wake kwa viganja. Nimekaa nimeshika kichwa cha mwenzangu dakika kumi nzima sisikii kitu zaidi ya njaa. Walimu wawili wakishika kichwa kimoja kila mmoja anataja mdundo wake. Nimejibu mtihani walivyotaka nikapita, moyoni nimeiweka pembeni. Ya kiuno ni tofauti, maumivu ya mgongo wa chini kutibu kwa mikono hata miongozo ya madaktari MD wenyewe inaikubali kama njia mojawapo.

Sasa mama kuna jambo sijawahi kukwambia na ndo lilinifanya nichelewe kumjibu mjomba. MD niliomba. Skuli kumi na moja. Zote zilinikataa, nyingine hata barua hazikutuma. Nilipowaambia nimepata chuo sikuwaambia kwamba nilipata upande wa DO baada ya upande ule kunifungia, niliona aibu, na sa hivi nikisoma maneno ya grupu naona aibu ileile inarudi. Ukweli ndo huo, alama za kuingia MD zinakuwa juu zaidi, wastani wao wa MCAT ni 511 hivi na wa DO ni 504 hivi, na wengi darasani kwetu tumepitia njia hiyohiyo ingawa kwenye barua za maombi kila mtu aliandika kwamba tangu utotoni anaota kutibu kwa mikono. Mimi nilimwandika bibi. Angalau wa kwangu alikuwepo kweli. Ila nikishaingia nikakuta vitabu ni vilevile, figo ni ileile, na mzigo ni ule ule ukiongeza na mikono juu.

Tena tuna mzigo mwingine. DO wana mitihani yao ya leseni inaitwa COMLEX, MD wana USMLE. Kisheria sisi COMLEX inatosha. Lakini ukitaka residensi zinazogombaniwa, upasuaji wa ubongo, ngozi, macho, wakubwa wengi wanataka kuona USMLE ili wakulinganishe, kwa hiyo wengi wetu tunafanya yote miwili, kulipa mara mbili, kulala nusu. Na skuli nyingi za DO ni za binafsi, ada yake sikuandikii hapa baba asije akapandisha presha, ni mkopo na nitaulipa. DO zaidi ya nusu wanaishia kwenye tiba ya familia, watoto na magonjwa ya ndani, wengi vijijini huko ambako wengine hawataki kwenda. Mimi nataka tiba ya familia, kwa hiyo hilo halinisumbui.

Hadithi moja nilitaka kuiweka kwenye grupu nikaona nikuachie wewe uiseme kwa sauti yako. California mwanzoni mwa miaka ya 1960 vyama vya DO na MD vilikubaliana kuungana. DO kama 2,000 wakaambiwa leteni dola 65 mchukue cheti cha MD. Wengi wakalipa, wakaamka MD, wagonjwa walewale, kliniki ileile, mikono ileile. Muulize mjomba, hawa watu usiku ule walijifunza nini? Na bado jimbo la mwisho kuwapa DO haki zote, Mississippi, ni 1973 tu juzi, na jeshi liliwakubali kama madaktari mwaka 1966. Vita vya pili vya dunia liliwakataa, MD wakaenda vitani, DO wakabaki nyumbani na wagonjwa wa MD wakawa wao. Wagonjwa hawakuuliza herufi, waliuliza foleni iko wapi.

Mjomba usimjibu kwa ukali lakini. Ndiye aliyenishikisha stetoskopu mara ya kwanza, nilikuwa darasa la tatu, sijasahau. Mwambie nitampigia mwenyewe Jumapili, saa 2 usiku kwenu, huku ni mchana, na nitamwambia hilo la skuli kumi na moja mwenyewe kwa mdomo wangu, wewe usitangulie.

Na mgongo wa baba, nitamwonyesha kwa video jinsi ya kulala na kunyanyua miguu, atafanya kila asubuhi kabla ya chai. Ila kitu kimoja mama nakuomba simamia mwenyewe. Yule kinyozi wa sokoni, anavyomaliza ndevu alafu anamshika kichwa baba anamvunja shingo kah! kulia, kah! kushoto, na baba anafurahi anamwongezea jero. Shingoni kuna mishipa ya damu inapanda ubongoni, ikichanika kwa mshtuko ule mtu anaweza kupata kiharusi. Hata sisi wenye masaa 200 shingo ya mzee wa presha hatuigusi hivyo. Mwambie kinyozi anyoe tu.