Hakuna "jeni ya uchungu"

Mhariri,

Gazeti lako nimelisoma miaka mingi bila kukuandikia hata mstari. Ila taarifa yenu ya "jeni ya uchungu", iliyodai kwamba mtoto anayekataa mboga na dawa anayo na asiyekataa hana, imenifanya nishindwe kunyamaza.

Binadamu ana jeni zipatazo 25 za kuhisi uchungu, familia ya TAS2R, na kila moja hutengeneza kipokezi chake, yaani protini ya ulimini inayonasa uchungu. Hiyo mliyoishupalia, TAS2R38, sote tunayo. Tunachopishana ni umbo lake: sehemu tatu tu za protini zikibadilika, mtu anaweza asionje uchungu wa kemikali iitwayo PTC. Kwamba wengine hawaionji, aligundua mwanakemia Arthur Fox huko Marekani, miaka ya 1930 ikianza. Unga wa PTC ulitimka maabara, mwenzake akalalamika kuwa ni mchungu, Fox mwenyewe hakuonja chochote. Lakini hiyo ni PTC na jamii yake. Kwinini hunaswa na vipokezi vingine kabisa, kwa hiyo asiyeonja PTC bado dawa inaweza kumshinda.

Nina sababu ya kukasirika. Kitinda mimba wangu alipougua, alipewa kidonge kilichopondwa kwenye kijiko, akakitapika. Muuguzi akaniambia mbele za watu kwamba nimemdekeza, mbona dada yake alimeza vilevile bila kelele! Kisha akambana mtoto pua, akammiminia kijiko cha pili huku analia, hadi akapaliwa. Watoto huhisi uchungu kwa ukali kuliko sisi watu wazima, na ulimi huukataa kwa sababu sumu nyingi ni chungu. Na ndugu wa tumbo moja si lazima warithi nakala zilezile za jeni: kila mzazi humpa mtoto nakala moja kati ya zake mbili. Mtoto yule hakuwa mkaidi, na taarifa kama yenu ndizo zinazowapa watu kisingizio cha kumwita hivyo.

Halafu mkaweka na ule mchoro wa ulimi uliogawanywa, uchungu nyuma, utamu mbele. Mpaka leo vitabu vya shule vinaubeba! Uchungu huonjwa popote penye vionjio.

Chapeni sahihisho ukurasa uleule, kwa herufi kubwa zilezile, bila mchoro huo. Na chini yake wekeni kisanduku kimoja kinachowaambia wazazi wamuulize mfamasia kabla kidonge hakijapondwa, kwani vingine vimepakwa ganda makusudi kuficha uchungu.

Msomaji wenu wa siku nyingi