Bendi za dansi ziachwe zipige nyimbo mpya

Mhariri,

Makala yenu ya ukurasa wa burudani, ile iliyodai kwamba bendi za dansi zinakimbiwa na mashabiki kwa kung'ang'ania nyimbo mpya badala ya kupiga zilipendwa, imeniudhi. Nimelisoma gazeti hili miaka mingi bila kuwaandikia hata mstari mmoja, lakini hili siwezi kulinyamazia.

Hizo zilipendwa mwandishi wenu anadhani zilitoka wapi? Bendi ya Mlimani Park, yaani Sikinde, ilipoanza mwaka 1978, mwimbaji Muhidin Gurumo alitoka JUWATA, bendi ya Msondo, akaenda huko kutunga upya. Hakwenda Sikinde kupiga nyimbo za Msondo. Shabiki alilipa kiingilio ili asikie safari hii wametoka na kipi, kesho yake akabishane na watu wa upande wa pili. Mbaraka Mwinshehe, mwimbaji na mpiga gitaa wa Morogoro, alifariki Januari 1979 akiwa na miaka 34 tu, na nyimbo alizotuachia ni chungu nzima. Angeambiwa na watu wa Morogoro arudie za mtangulizi wake Salum Abdallah kila wiki, leo tungekuwa na nini cha kukiita zilipendwa?

Hivi karibuni nilikwenda kwenye ukumbi mmoja hapa Dar kusikiliza bendi ambayo sitaitaja. Mwimbaji mmoja kijana alisogea mbele na karatasi iliyokunjwa mara nne, imelowa jasho la mkono. Solo likaanza taratibu, rizimu likajibu, besi likaingia. Wimbo ulikuwa unamhusu mama anayepigiwa simu usiku na watu wa kausha damu, wale wakopeshaji wa riba kubwa, kwa mkopo aliochukua mwanawe. Nikaweka glasi chini nisikilize. Beti la pili halijaisha, bwana mmoja akapanda jukwaani, akamtunza MC noti na kumnong'oneza. MC akanyakua kipaza sauti: "Jamani, wadau wanataka zilipendwa!" Gitaa likakatwa hapo hapo, katikati ya sentensi. Yule kijana akaitia karatasi yake mfukoni, akarudi nyuma kuitikia wimbo ambao mtunzi wake alifariki kabla yeye hajazaliwa, na ukumbi mzima ukashangilia! Hao wazee tunaowaenzi waliimba mambo ya siku zao: wivu, ugomvi wa mawifi, kijana aliyekimbilia mjini akapotea. Ya kausha damu ataimba nani, kama hata mabeti mawili hatumpi?

Na hili la kutaja majina nalo limezidi. Wimbo unafika mahali patamu, mwimbaji anaacha mashairi anaanza kumsalimia diwani, mwenye gereji na bosi aliyerudi juzi kutoka Ulaya, kama anasoma michango ya harusi. Redio nazo zinapiga nyimbo za zamani kila Jumapili, mtangazaji anapiga soga juu ya solo, na wimbo ukiisha hasemi katunga nani wala bendi gani. Halafu tunajisifu kwamba tunawaenzi.

Napendekeza hivi. Kila ukumbi unaopigisha dansi utenge saa nne hadi saa tano usiku kwa nyimbo mpya tupu. Katika saa hiyo MC azimiwe kipaza sauti. Anayetaka kutunza atie fedha yake kwenye ndoo iliyowekwa pembeni ya jukwaa, bila kuagiza wimbo na bila kutajwa jina. Mlangoni uwekwe ubao wenye majina ya nyimbo hizo na watunzi wake, kwa herufi kubwa, ili mtu akiupenda wimbo ajue wiki ijayo auulizie vipi. Ikigonga saa tano kamili, zilipendwa zianze na ziende hadi majogoo. Nitazicheza zote.

Mpenzi wa dansi,
Ilala, Dar es Salaam