Doti ya picha

Mambo shoga angu, za Tanga? Najua umeninunia kwa kutojibu meseji ila nisikilize kwanza, nimepata ugonjwa mpya.

Unakumbuka nilikwambia Wajapani wana kitu wanakiita haiga, yaani kishairi kifupi cha haiku na mchoro karatasi moja, kina Buson huko karne ya 18 walikuwa wanachora na kuandika kwa brashi ileile? Basi nikajaribu kwa simu. Nikapiga picha pantoni, kile kivuko cha hapo Feri, chini nikaandika shairi la pantoni, nikamwonyesha mdogo wangu akaniambia dada sasa si naiona? Nilichukia lakini dogo alisema kweli.

Jibu nikalipata kabatini kwa mama, kwenye kanga. We angalia, mji, ile sehemu ya katikati, mzima korosho, pindo maua, halafu jina, yale maneno yake, linamsema jirani, sasa korosho na jirani wapi na wapi? Ila ukiivaa ukapita mlangoni kwake anaelewa vizuri sana. Na kanga inauzwa doti, vipande viwili, ndo nikasema na mimi napiga picha mbili mbili.

Haiku ina mizani, yaani silabi, 17, mshororo wetu wa shairi una 16, sa nihangaike na Japani ya nini, naandika mshororo mmoja tu nautupia katikati ya picha. Wa kwanza huu:

*Pantoni imeondoka, harufu imebakia.*

Picha ya kushoto ni kandambili za mama muuza samaki, magamba yameganda kwenye mikanda, ya kulia benchi la kusubiria limelowa halina mtu. Pantoni yenyewe haipo popote, na hapo ndo nilipohangaika wiki nzima maana kila picha niliyopiga ilikuwa na kipande cha pantoni kinachungulia.

Nikaenda kuprinti stationari moja Kariakoo, jamaa akakata pembeni ikabaki "imebaki". Mizani 15! Namlalamikia ananiambia sista si inasomeka. Elfu tano yangu hiyo.

Sasa fanya hivi, nitumie picha mbili za huko, zozote, ila usiniambie ni za nini wala ulikuwa wapi. Mshororo niachie mimi. Na usinitumie machweo tafadhali.

Msalimie bibi.